Debe la Mperani

Darasa la pili. Hapo ndipo nilipoishia, wala sioni aibu kulisema, maana wale niliokaa nao benchi moja wakaendelea mpaka darasa la nane, baadaye walinisimamisha njiani kuomba kupanda lori langu. Nilianza kazi ya kupasua mbao nikiwa mtu wa chini. Asiyeijua kazi hiyo nimweleze: gogo linalazwa juu ya shimo, mtu mmoja anasimama juu yake, mwingine anaingia shimoni, na wote wawili wanavuta msumeno mmoja mrefu, huyu anapandisha, yule anateremsha. Wa juu ndiye fundi, anaona mstari. Wa chini anakula unga wa mbao. Mimi niliula unga huo mpaka nikawa natema mate ya kahawia. Kisha nikapanda juu. Kisha nikawa na mashimo yangu mwenyewe katika misitu ya Kilolo, nyumba ya bati mjini Iringa, uwanja wa mbao ubavuni mwake, na lori ambalo hata wenye maduka walitoka mlangoni kulitazama. Hakuna aliyenishika mkono. Nayasema haya mapema ili unayesoma ujue kwamba anayezungumza si mtu legelege.

Maana nataka kueleza habari za mwaka mmoja wa miaka ile ya hamsini, Mwingereza akiwa bado ametukalia, ambao nusura niwe kichaa. Si kwa kazi, si kwa pombe, si kwa kurogwa. Ni kwa kumuuguza baba yangu mzazi. Hasira ya mwaka ule haijapoa, na sitaki ipoe.

Baba alianguka shambani kwake Rungwe, kwenye kahawa. Kiharusi. Upande wote wa kulia ukafa, mguu na mkono, na ulimi ukafa pamoja nao. Maneno yote yalimtoka, likabaki moja tu: “Ee.” Ukimuuliza una kiu, ee. Umeshiba, ee. Nikukate kichwa, ee. Daktari alisema ukweli wake bila kuzungushazungusha, kwamba hilo halina dawa, mrudisheni nyumbani mkamtunze.

Mkamtunze! Neno hilo ni jepesi mdomoni kama pamba.

Ndugu tukaitana. Mama alikuwa amekwisha kufa, dada yangu alikuwa kwenye migodi ya shaba kule Rhodesia na mumewe. Tukabaki kaka yangu mkubwa, mimi, na shangazi, mdogo wake baba, ambaye neno lake katika ukoo wetu halirukwi. Kaka alikuwa na wana watatu wakubwa, wenye mabega kama milango, wanakaa naye boma moja. Mimi watoto wangu walikuwa bado wanafundishwa kupenga kamasi. Nilidhani jambo liko wazi.

“Wewe ndiye mwenye bati,” kaka akasema. “Mgonjwa halali chini ya nyasi zinazovuja.”

“Nyasi zako zimeanza kuvuja lini? Si wewe uliyejisifu juzi kwamba umeezeka upya?”

“Zimeanza leo,” akasema, na wazee wakacheka.

Nikamgeukia shangazi. Nikamwambia, “Na nani atamwogesha kule Iringa? Niko peke yangu.”

Shangazi alikuwa ananusa ugoro wake taratibu. “Mwanangu,” akasema, “kila ukija hapa tunasikia lori, lori, lori. Haya. Mpakie baba yako ndani ya hilo lori. Yeye hakukuogesha?”

Hakuniogesha hata siku moja! Aliyeniogesha ni mama. Lakini hayo husemi mbele ya wazee, na baba mwenyewe alikuwa pale amelazwa mkekani, anasema “ee” kwa kila aliyefungua mdomo. Nikampakia.

Sasa nieleze lile ambalo asiye wa kwetu hatalielewa. Kwetu Rungwe mke hamwoni baba mkwe wake. Sisemi hampendi. Hamwoni. Akimsikia njiani anaingia migombani, anajifunika kichwa na kumpa mgongo mpaka mzee apite. Hagusi chombo chake, hatamki jina lake, hakai naye chumba kimoja. Mke wangu alikuwa amenizalia watoto na mwingine yuko tumboni, na alikuwa hajapata kuuona uso wa baba yangu. Mwanamke akivunja mwiko huo, wanasema, tumbo lake huharibika, au watoto wake hukauka. Mzee anaweza kumfungua mkwe wake akitaka, hiyo ipo. Anampa ng'ombe kwa mkono wake mwenyewe na kutamka mbele ya ndugu: kuanzia leo huyu ni binti yangu, anipikie, aniuguze. Basi. Lakini baba alikuwa hajamfungua, na sasa ulimi wa kutamka haukuwapo.

Basi fikiri nyumba yangu ilivyokuwa. Baba alikaa chumba cha mbele. Mke wangu akahamia nyuma moja kwa moja, akapika nje kwenye baridi ile ya Iringa inayokata masikio, na akitaka kwenda sokoni alizunguka kwa jirani asipite dirisha la baba. Nyumba niliyoijenga kwa mgongo wangu ikawa imepasuliwa katikati kama gogo. Na mimi ndiye msumeno.

Alfajiri nilimgeuza baba, nikambadilisha matandiko, nikamfuta, nikamlisha uji kijiko kwa kijiko, na nusu ya uji ulirudi kidevuni. Kisha niende uwanjani kwa wateja. Lakini mzee akiguna, nani amsikie? Mke wangu alisikia, hakuweza kuingia. Tukatundika debe tupu la mafuta ya taa juu ya mpera ulio nyuma ya nyumba. Baba akiguna, mke wangu analigonga kwa mwiko wa ugali, nami naacha kila kitu nakimbia. Debe linalia, amejichafua. Linalia, ameteleza kitandani. Linalia, nafika, namuuliza, “Baba, unataka nini?” Ananitazama kwa macho ya mtu mzima aliyekuwa akiamua kesi za ng'ombe za kijiji kizima, anasema, “Ee.”

Usiniambie kuhusu kuajiri mtu. Niliajiri. Mhehe mmoja, mtu wa nguvu na mpole, aliyebeba majeruhi vitani Burma. Siku ya kwanza baba akageukia ukutani. Siku ya pili akafumba meno asile. Siku ya tatu yule bwana alitaka kumvua nguo amwogeshe, akaumwa kidole. Akaniletea kile kidole nikitazame. “Ndugu yangu,” akasema, “Wajapani hawakuniuma.” Akaenda zake. Nami namwelewa baba, usidhani simwelewi. Uchi wake ulikuwa kitu cha mwisho alichobaki nacho cha kumkataza mtu. Lakini kumwelewa hakukunipa mikono zaidi.

Na wageni walivyokuja! Hao ndio walionimaliza. Wanakaa sebuleni, wanakunywa chai yangu yenye maziwa, wanasema pole. Mzee mmoja wa kanisa akaniambia, “Mungu hampi mtu mzigo asioweza kuubeba.” Nikamwambia, “Basi njoo kesho alfajiri, tuubebe wote.” Akacheka, akadhani ni mzaha. Akaomba sala ndefu, debe likalia katikati ya sala, nikatoka. Niliporudi nina mikono yenye maji, alikuwa amemaliza sala na mkate. Akasema, “Una bahati, wengine hawana baba.” Mpaka leo nikimkumbuka vidole vyangu vinajikunja.

Nilianza kuharibika, na niliona ninavyoharibika. Mimi ambaye nilikuwa naangalia gogo kwa jicho tu nakwambia litatoa mbao ngapi, nilipima mbao za dari za mwalimu mmoja zikatoka fupi, zote. Mteja akiniuliza bei namfokea kana kwamba kanitukania mama. Chakula kikawa kama unga ule wa shimoni. Mara nyingine nilifika nyumbani, nikazima injini, nikashindwa kushuka kwenye lori. Si kwamba sikutaka. Miguu ilikataa. Nakaa nimeshika usukani, mwanaume mzima, mwenye lori, machozi yanatiririka na wala sijui yameanzia wapi.

Siku moja niliingia uani kwa hasira nikamwambia mke wangu, “Ingia mle ndani! Hapa ni Iringa. Nani wa kwetu atakuona?”

Alikuwa anachambua maharage. Hakuinua uso. “Huyu ataniona,” akasema, akagusa tumbo lake.

“Hayo ni mambo ya zamani.”

“Ya zamani? Basi kachukue shoka lako kaukate mti wa kaburi la babu yako, halafu uje uniambie ni mambo ya zamani.” Akayasukuma maharage kando, akaendelea, “Baba watoto, unadhani wewe ndiye unayechoka peke yako? Wewe unakimbia, unafika, unamshika. Mimi namsikia mchana kutwa. Nasikia mtu anaanguka nyuma ya ukuta na nimeshika mwiko. Mwiko! Nagonga debe kama mtoto anayefukuza nyani shambani.”

Hilo sikuwa nimelifikiria. Nilikuwa nimejaa yangu.

Kilichonipeleka Rungwe ni debe lenyewe. Nilikuwa Kilolo, msituni, nimepanda juu ya gogo mwenyewe kwa sababu fundi wangu aliumwa. Tuko katikati ya gogo, msumeno unakwenda vizuri, mara nikasikia debe. Wazi kabisa, kama ninavyokusikia wewe. Kutoka msitu ule mpaka mjini ni zaidi ya saa moja kwa lori katika njia ya enzi zile, kilima na tope. Debe haliwezi kusikika. Nililijua hilo kichwani, na miguu ilikwisha ruka chini. Nikauacha msumeno umekwama kwenye gogo, mtu wa chini ananiita, “Fundi! Fundi, kuna nini?” Nikaendesha lori lile kama mwizi. Nikaingia uani mbio. Mke wangu alikuwa anaanika nguo, watoto wanacheza, baba amelala usingizi mzuri.

“Umepiga debe?”

“Sijapiga.”

“Umepiga, nimesikia!”

“Wewe si ulikuwa Kilolo?”

Tukatazamana. Sikuwahi kumwona mke wangu akiniogopa kabla ya siku ile, hata nikiwa mkali vipi. Aliweka nguo chini polepole, akawaita watoto wasogee karibu naye. Wasogee karibu naye, mbali na mimi. Nikajua: nisipopata mikono mingine miwili ndani ya chumba kile, hawa watakuja kuniuguza mimi nimefungwa kamba.

Nikamwomba jirani mmoja, mzee wa pwani mwenye duka la nguo ambaye baba hakumuuma, amwangalie. Nikaendesha mpaka Rungwe, nikavuka vumbi la Usangu bila kusimama hata kununua mchele wa Ubaruku ambao huwa siupiti. Niliwakuta kaka na shangazi wanakula ndizi. Sikuamkia. Mimi, mtoto niliyelelewa, nilisimama mlangoni nikaanza kufoka.

“Mfungueni mke wangu!”

“Kaa kwanza,” kaka akasema.

“Sikai! Nimesikia debe lisilopigwa. Mnataka nini, nivue nguo sokoni ndipo mjue?”

Shangazi akaacha kula. “Anayefungua ni baba yako. Si mimi.”

“Nimwulize? Atasema ee.”

“Anasema ee hata kwa kuku,” akajibu. “Ee hiyo haina uzito.”

“Basi nitanunua ng'ombe leo hii, mnono kuliko wote walio kwenye boma hili, nimtie mkononi amkabidhi.”

“Ng'ombe wako? Wewe ndiye mkwe wa mkeo?” Akacheka kwa pua. “Mwenye lori anataka kununua na mwiko. Anayetoka ni ng'ombe wa baba yako. Na anatolewa kwa mkono wa kuume. Wa kushoto haufungui mtu, unamtukana.”

Mkono wa kuume! Ule uliokufa. Nilitaka kuipiga ile sahani ya ndizi teke. Nikasema, “Haya. Ng'ombe wa baba wako wapi?” Nikamtazama kaka. Kaka akatazama migomba. Ng'ombe wa baba walikuwa kwenye zizi lake, wote, wanakamuliwa asubuhi na jioni tangu mzee aondoke, na hakuna aliyekumbuka kupeleka hata kibuyu cha maziwa Iringa. Sikumpiga. Watu wanashangaa nikiwaambia. Niliingia zizini nikamtoa mtamba mmoja mweusi mwenye baka jeupe, ambaye nilijua baba alikuwa akimsugua masikio kila jioni, nikampandisha kwenye lori. Kisha nikamwambia kaka apande nyuma na ng'ombe, na shangazi akae mbele nami.

“Mimi sipandi motokaa,” shangazi akasema.

“Utapanda. Ulisema nimpakie, na leo nakupakia wewe.”

Akapanda. Njia nzima alishika dashibodi kwa mikono miwili na kuwataja mababu mmoja mmoja.

Tulipofika Iringa tulimtoa baba ndani, tukamketisha uani kwenye kiti, tukamwegemeza kwa mito. Mke wangu alipiga magoti kule mwisho, kanga kichwani mpaka puani, amempa mgongo. Ng'ombe akaletwa. Shangazi akainama sikioni mwa kaka yake akamweleza kwa lugha yetu, kirefu, pole pole, bila ile sauti yake ya kukata. Baba akasema, “Ee.”

“Umesikia kweli, kaka?”

“Ee.”

Shangazi akanitazama, kama kusema, si nilikwambia. Akaiweka kamba ya ng'ombe mapajani mwa baba, akarudi nyuma. Baba akaiokota kwa mkono wa kushoto. Kaka akaguna. Nami niliona tumefika mwisho, kwamba nimewasomba watu na ng'ombe kutoka Rungwe kuja kutazama tusi.

Lakini baba hakuinyoosha kamba. Aliiweka tena mapajani. Kwa mkono ule wa kushoto akaushika mkono wake wa kulia, uliolala kama samaki, akauinua, akauweka juu ya kamba. Ukaanguka. Akauinua tena. Akavikunja vidole vyake vilivyokufa kimoja kimoja kuizunguka kamba, kama mtu anayemfundisha mtoto kushika jembe. Jasho lilimtoka katika baridi ile. Nikapiga hatua nimsaidie, shangazi akanivuta shati. “Mwache!” Kisha baba akauinua mkono wa kulia kwa wa kushoto, wote pamoja, na kamba ndani yake, akaunyoosha kuelekea mgongo wa mke wangu. Mikono ilitetemeka mpaka ng'ombe akageuza kichwa.

“Geuka, mwanangu,” shangazi akamwambia mke wangu. “Pokea kwa baba yako.”

Akageuka kwa magoti, macho chini, akapokea kamba kwa mikono miwili. Kisha akainua uso, akamtazama mtu ambaye alikuwa amemsikia kwa ukuta miezi yote ile. Alimtazama sana.

“Baba,” akasema, “hawa watoto wako wamekunyoa vibaya.”

“Ee,” baba akasema. Na ile ee, naapa, ilikuwa na uzito wake.

Ungedhani hapo nilifurahi. Shangazi alikuja kunikalia karibu, ametulia, ananusa ugoro. Akasema, “Sasa ulikuwa unapiga kelele za nini? Si jambo la asubuhi moja tu hili?”

La asubuhi moja! Lingeweza kufanyika siku ile ya kwanza, kwenye mkeka ule, ng'ombe wakiwa hatua chache tu! Hakuna aliyelikumbuka, kwa sababu hakuna aliyekuwa anachoka isipokuwa mimi na yule mwenye mwiko. Mtu anayeuguza hasahauliwi kwa ubaya. Anasahauliwa kwa sababu anaweza. Na mimi nilijisifu tangu ujana kwamba naweza, wakaniamini. Nilimjibu shangazi maneno ambayo siyaandiki. Hakunisemesha mpaka msiba.

Baba aliishi mpaka mvua zilizofuata. Mke wangu alimwogesha, alimnyoa, alimwonyesha mtoto mchanga, na mzee akamwita mtoto yule ee. Tulipokezana zamu. Nilirudi kulala, nikarudi kula, nikapima mbao zikatoka sawa. Debe akalitungua mperani, akalitumia kuchemshia maji ya kumkanda baba.

Nalo bado nalisikia. Si kila siku. Mwezi uliopita tu nilikuwa Kilolo, juu ya gogo, nikasimamisha mkono. Mtu wa chini akangoja, akapangusa unga machoni, akaita kutoka shimoni, “Fundi, vipi huko?”

Nikasikiliza kidogo.

“Vuta,” nikamwambia.